Grisi ya Bunduki Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua imeanza leo saa tisa mchana, na mimi nimeanza daftari. Afande Arthur, meneja wetu, ameniita ofisini. Kampuni inataka kuchagua mafuta ya aina moja kwa bunduki za matawi yote, na mtu wa kuyajaribu ni mimi, mtunza ghala la silaha wa Mbarara, msimu mzima wa mvua. "Andika kila siku," amesema. "Mvua, jua, kutu. Kila kitu." Nimesema ndiyo afande. Siku hizi nasema ndiyo kwa kila mtu, hata kwa mama wa sokoni aliyeniuliza kama nataka nyanya zilizoanza kuoza. Nimezila.

Aina ni tatu. Ya kwanza ni grisi nyekundu ya magurudumu ya lori, ambayo ndoo yake tunayo tayari. Ya pili oili ya injini, ile nzito. Ya tatu mafuta ya cherehani, vichupa vyenye mdomo mrefu. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki hasa hatuyajaribu. Yapo Kampala, kwenye karatasi ya maombi niliyoandika mwaka juzi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekata vipande tisa vya chuma kutoka mlango wa gari bovu, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Vitatu grisi, vitatu oili, vitatu cherehani. Nimevitundika kwa waya nyuma ya ghala, mahali mvua inaporuka ukutani. Mlinzi wa geti ameniuliza kama naanika nyama.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua usiku kucha. Vipande vyote viko safi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua. Safi.

Jumapili, 21 Septemba

Misa ilikuwa Nyamitanga. Padre ameomba wote waliofiwa mwaka huu wasimame waombewe. Nilibaki nimekaa. Mlangoni Sista Annonciata, aliyenifundisha darasa la tatu, alinishika mkono akauliza kama nalala. Nimemwambia nalala vizuri, na ni kweli. Nalala kama gogo. Nakula, nafua, naoga, naenda kazini. Hata siku ya mazishi sikulia, na shangazi zangu wa Isingiro walinitazama vibaya.

Afande amesema niandike kila kitu, basi naandika.

Kamugisha alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Tulizaliwa katika nyumba za askari hapa Mbarara, baba Mnyankore, mama Mlugbara, na lugha waliyoelewana ilikuwa Kiswahili cha kambini, ndiyo maana hata hapa naandika hivi. Mimi ndiye niliyemtafutia Kamugisha kazi katika kampuni hii. Walimpanga Nakivale, makazi ya wakimbizi, soko la Base Camp, kulinda duka la mfanyabiashara Mkongomani anayeitwa Adolphe, duka la kutuma na kupokea pesa kwa simu. Huko huko akaoa mkimbizi kutoka Fizi, Kongo, Nathalie, wakapata binti, Doriane, ambaye sasa ana miaka sita.

Alhamisi tarehe 31 Julai, saa kumi jioni, walikuja watu wawili wenye mapanga. Kamugisha alikuwa mlangoni na bunduki namba kumi na nne. Hakuna aliyesikia mlio wa risasi. Wakamkata shingoni, wakachukua sanduku la pesa, wakakimbilia milimani. Alifariki ndani ya gari kabla ya kufika Isingiro.

Msimamizi wetu wa Nakivale aliiokota bunduki kabla polisi hawajafika, akaileta ghalani kwangu, maana kanuni ya kampuni inasema silaha isilale nje. Niliipokea saa mbili usiku. Aliponikabidhi ndipo aliponiambia Kamugisha amefariki. Mikono yangu ikaanza kazi. Baba alitufundisha kambini tukiwa wadogo kwamba silaha chafu haipandi rafu, na mimi sijawahi kuipandisha ikiwa chafu. Niliifungua. Ndani ya boliti, pale inapopita pini ya kugonga risasi, grisi ilikuwa imeshika vumbi jekundu la Nakivale ikawa udongo wa kufinyangia. Pini ilikuwa imekwama humo. Na kwenye chemba kulikuwa na risasi moja, kitakoni ina alama ndogo sana, kidoti, mahali pini ilipoigusa bila nguvu.

Kwa hiyo alikoki. Alilenga na akavuta. Bunduki ndiyo iliyokataa.

Nilikosha yote kwa petroli. Matambara nikachoma. Risasi nikairudisha kwenye sanduku pamoja na nyingine. Kwenye kitabu cha ghala nikaandika: "Na. 14. Safi. Inafanya kazi." Nikasaini. Sikuwa naficha kitu saa ile, Mungu ananiona. Nilikuwa nasafisha bunduki tu. Lakini polisi walipokuja Jumamosi kuikagua waliikuta inafanya kazi, na kampuni ikaandika kwamba mlinzi alishikwa na woga, hakufyatua. Hapo nilikuwa nimeshaelewa, nikanyamaza.

Grisi niliiweka mimi. Aprili mvua ilitia kutu bunduki za Nakivale, nikapewa barua ya onyo. Mei nikazipaka grisi zote, nje na ndani, kwa vidole hivi. Juni vumbi likaja na sikuibadilisha. Julai Kamugisha akaniambia, "Dada, boliti ni nzito, inavuta kama posho ya shule," yaani ule ugali wa kunata tuliolishwa. Nikamjibu kazi yake ni kulinda na mafuta aniachie mimi.

Nikisema, jina lake litasafishika na mimi nitaondoka na langu chafu. Nisiposema, Nathalie ataendelea kuishi pale sokoni akiitwa mke wa mwoga.

Jumatatu, 22 Septemba

Jua kidogo, mvua jioni. Vipande safi.

Jumamosi, 27 Septemba

Nakivale, kwa pikapu ya kampuni. Kila baada ya wiki mbili napita kwenye vituo kupaka bunduki mafuta. Agosti niliondoa grisi yote bila kumwambia mtu, nikaweka ya cherehani. Sasa mvua imekuja na zinataka kupakwa tena na tena. Walinzi wananung'unika. Mmoja amesema, "Afande Goreti, zamani ulitupaka mara moja tukakaa miezi." Nimemwambia afunge mdomo afungue boliti.

Nathalie anauza dagaa na samaki wa ziwani upande wa pili wa barabara, akitazamana na duka la Adolphe. Hakuhama, hana pa kuhamia. Shemeji kwao ni shemeki, kwetu ni muramu.

"Karibu, shemeki. Kaa, fasi iko."

"Habari ya hapa, muramu?"

"Tuko tu. Doriane anakataa masomo. Batoto banamuimbia eti papa yake alitetemeka mbele ya panga. Na bamama ba ku kanisa bameacha kununua kwangu. Banapita, banaangalia chini."

Nikamwambia watazoea. Akasema, "Banaweza kuzoea. Mi ndiyo siwezi." Alinipa ugali wa muhogo na samaki, nikala wote. Njiani dereva alisimulia habari za ng'ombe wake mpaka Kabingo, na nilifurahi kuwa na mtu wa kusikiliza asiyeniuliza kitu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Vipande vya cherehani vimeanza kutu, madoa kama chumvi ya kahawia. Vya oili vina doa moja moja. Vya grisi vinang'aa kama siku ya kwanza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua kubwa. Mto Rwizi umejaa, maji ni rangi ya chai. Grisi inang'aa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimelala mchana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Cherehani: kutu nusu. Oili: kutu kiasi. Grisi: hakuna.

Jumanne, 14 Oktoba

Afande amekuja nyuma ya ghala na mwavuli. Amekamata kipande cha grisi, akafuta kwa kidole gumba, akaona uso wake.

"Banange! Goreti, hii si ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo inazuia kutu, afande."

"Sasa tunangoja nini mpaka Desemba? Na ndoo tunayo. Mafuta ya cherehani mtu anapaka leo, kesho anapaka tena. Nani ana hiyo nafasi? Hawa walinzi wetu hata viatu hawapaki."

Nimesema tungoje msimu uishe. Akasema sawa, lakini barua ya kwenda ofisi kubwa ataanza kuiandika. Si mtu mbaya. Siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele, na kilima cha nyumbani kwetu Isingiro ni kikali. Nilikuwa nikimwona bosi wa kupiga kelele tu, sasa namwona mzee mwenye goti bovu ambaye anataka kustaafu bila matatizo. Hiyo haisaidii.

Jambo lenyewe ni hili: chuma kinanipinga. Jaribio nililopewa ni la mvua, na kwenye mvua grisi inashinda. Desemba vumbi litarudi, bunduki arobaini zitakuwa zimepakwa grisi kwa ripoti yangu, na nyuma ya kila moja kuna mtu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Sikuandika vipande. Najua vikoje.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda misa. Nimefua pazia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nakivale tena. Barabara imekatika mahali pawili, tumefika saa saba. Nimepaka bunduki kumi na moja. Kijana anayelinda duka la Adolphe sasa ana bunduki nyingine. Namba kumi na nne hawaitaki, wanasema ina mkosi, iko ghalani kwangu.

Nathalie alikuwa amekaa na Doriane miguuni, mtoto anapanga dagaa kwa mafungu. Alimtuma maji, na mtoto alipoondoka akanigeukia.

"Shemeki, nikuulize. Weye unajua mambo ya bunduki."

"Uliza."

"Ile siku mi nilikuwa hapa hapa. Nilimuona anavuta ile kintu ya juu, akalenga, akakaza kidole. Nikasikia ka! Kidogo tu, sawa mutu anafunga sanduku. Kisha akaiangalia bunduki. Alikuwa anaiangalia sawa mutu mwenye anauliza." Akasogeza fungu la dagaa. "Niliambia bapolisi. Banasema, weye ni bibi yake, unamutetea. Sasa nauliza weye. Bunduki inaweza kulia vile, na risasi isitoke?"

Nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Nilikitafuna mpaka mwisho.

"Sijui, muramu."

Akaitika kwa kichwa. "Hata mi sijui. Pengine niliota." Doriane akarudi na maji, akanimiminia mikononi ninawe, akauliza kama Mbarara kuna tembo.

Nimeandika yote kama yalivyokuwa. Nangoja nijisikie vibaya. Najisikia kama mkono uliolaliwa, najua ni wangu, nauona, na sihisi kitu.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Nimekwenda Isingiro, nimepalilia kaburi. Migomba ya baba imezaa vizuri. Shangazi mmoja amesema, "Angalau wewe una nguvu, mwanangu." Nimemwitikia.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua imekatika tangu Jumamosi. Jua kali, upepo. Dereva amerudi kutoka Nakivale na pikapu nyekundu tupu kwa vumbi, eti barabara imekauka kwa siku mbili. Nimeitazama ile pikapu muda mrefu. Halafu nimechukua namba kumi na nne rafuni.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeipaka grisi kama nilivyofanya Mei. Nyingine, namba tisa, nimeipaka mafuta ya cherehani, matone machache, nikafuta kwa kitambaa mpaka ukigusa inabaki alama ya kidole tu. Zote mbili hazina risasi. Nimezifunga kwenye chuma cha nyuma ya pikapu, wazi, na nimepanda nazo mimi mwenyewe, kwa kibali, nikimwambia dereva napima mafuta. Ni kweli napima.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku sita Nakivale na kurudi, kila siku na jua. Jioni nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Kila jioni nazifuta nje, nazikoki mara kumi kila moja, kama mlinzi anavyofanya akipokea zamu. Namba tisa inateleza. Namba kumi na nne imeanza kuvuta.

Kama posho ya shule.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempelekea afande bunduki mbili ofisini, na penseli moja mpya.

Hili nalijua kutoka kwa baba. Bunduki tupu ikisimama wima, ukidondosha penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukiwa chini, halafu ukivuta, pini ikiwa na afya penseli inaruka. Nimeanza na namba tisa. Penseli imeruka ikagonga dari, ikaangukia kwenye chai yake. Akacheka, akaitoa, akaifuta. Nikaidondosha kwenye namba kumi na nne, nikavuta. Ka. Penseli imeinuka labda upana wa ukucha, ikarudi ilipokuwa.

Hakucheka tena. Alikaa jeshini miaka ishirini na mbili, hakuna haja ya kumfafanulia.

"Hii grisi iko ndani siku ngapi?"

"Sita, afande."

"Na ile ya Kamugisha?"

"Miezi miwili na nusu. Juni na Julai yote."

Akainuka, akafunga mlango, akakaa upande wangu wa meza.

"Wewe ndio uliweka?"

"Mimi."

"Na wewe ndio ulisaini eti inafanya kazi."

"Ndiyo. Niliisafisha kwanza. Risasi ilikuwa na alama ya pini, iko kwenye sanduku."

Kwa muda alisugua goti lake. "Kale, sawa. Sikia, Goreti. Wewe umeshinda. Tunachukua mafuta ya cherehani, kila mlinzi anapaka Jumatatu na Ijumaa, nitasimamia mimi mwenyewe. Andika kwa ripoti grisi inakamata vumbi. Basi, hapo hapo simama. Mambo ya Julai ilifungwa. Ukifungua, inaanza na wewe, inafika kwa mimi, inafika kwa ofisi kubwa. Na kijana hatarudi, bambi, maskini."

"Ndiyo afande."

"Wewe ni mtu ya maana. Kwenda upumzike."

Nilikwenda nikapumzika. Nimekula viazi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua imerudi. Nimeandika ripoti, kurasa mbili. Grisi inakamata vumbi. Mafuta mepesi yanataka mkono kila wiki, lakini pini inakuwa huru. Kila neno ni kweli.

Ijumaa, 14 Novemba

Afande ameisifu ripoti.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Walinzi kumi hawatakufa kama Kamugisha, labda ishirini. Hivyo ndivyo ninavyojiambia nikipiga mswaki. Halafu namkumbuka Nathalie akisema pengine aliota.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeshindwa kula. Ni mara ya kwanza. Nilikitazama chakula na kikanichukiza, na nikashtuka kwamba kuna kitu kinaweza kunichukiza.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefika kwa Nathalie saa nne asubuhi. Alikuwa anachagua dagaa, anatoa mawe. Doriane alikuwa kwa jirani. Sikukaa. Nilijua nikikaa atanipa chakula.

"Muramu, ile sauti uliyosikia ni kweli. Hukuota. Kamugisha alikoki, alilenga, alivuta. Bunduki ilikataa kwa sababu ndani ilikuwa na grisi na vumbi. Grisi niliweka mimi. Yeye aliniambia bunduki ni nzito, sikumsikiliza. Na ilipokuja ghalani niliisafisha, ndiyo maana polisi hawakuona kitu."

Mikono yake iliendelea kuchagua. Jiwe, dagaa, dagaa, jiwe.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu siku ile ile."

"Mbele ya kumuzika?"

"Kabla ya kumzika. Ndiyo."

"Na ulikuya ku kilio. Ukakaa pembeni yangu, ukanishika mukono."

"Ndiyo."

"Na mwezi wa kumi nilikuuliza hapa, uso kwa uso. Ukaniambia hujui."

"Nilikudanganya."

Nilitegemea apige kelele. Niliitaka hiyo kelele. Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, na kidole chake kilinuka samaki. Akanivusha barabara mpaka dukani kwa Adolphe. Kulikuwa na watu saba au wanane kwenye foleni, wawili wao ni wanawake wa kanisani kwake, nawafahamu kwa sura. Akanisimamisha mbele ya dirisha.

"Sema. Sema tena vile umesema."

Nikasema tena. Kiswahili changu ni cha kambini, kifupi, na Kiswahili chao ni kingine, lakini hakuna aliyeniomba nirudie. Kijana mlinzi mpya alishusha bunduki yake begani akaanza kuitazama. Adolphe ni mtu mnene, mpole, aliyewaambia polisi kwamba mlinzi alisimama tu kama mti, kwa sababu yeye alikuwa chini ya meza na hakuona kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, na mbona ulingojea miezi yote ile?"

"Niliogopa," nikasema.

Neno hilo walilokuwa wakimpa Kamugisha miezi minne lilikuwa langu tangu mwanzo, na nilipolitoa mdomoni mbele ya watu nilitetemeka kweli, miguu yote miwili. Wakaona. Mmoja wa wale wanawake akaweka mkono mdomoni.

Adolphe akatoka nje kwa mlango wa pembeni, akavua kofia. "Mama Doriane, unisamehe. Nilisema kintu yenye sikuona." Nathalie alikuwa ananitazama mimi, na ndiyo kwanza macho yake yakawa na maji, kwa hasira au kwa nini, sijui.

"Sasa wende ku ofisi yenu," akaniambia. "Uandike byote, na jina yako chini. Kisha usikuye hapa. Nikikutaka, nitakuita."

Dereva aliniuliza kwa nini nimerudi mapema hivyo. Nikamwambia kazi imeisha.

Jumatatu, 24 Novemba

Barua mbili, moja kwa afande Arthur, moja kwa polisi Isingiro. Afande aliisoma akiwa amesimama.

"Nilikuambia usimame hapo hapo."

"Uliniambia, afande."

"Toa funguo."

Nimeweka funguo mezani. Alizichukua, akaziangalia, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama mdogo wake mwenyewe angekuwa ndiye, hajui angefanya nini. Halafu akaniambia niondoke kabla hajakasirika vizuri. Nyuma ya ghala vipande vyangu bado vinaning'inia. Grisi inang'aa.

Alhamisi, 27 Novemba

Polisi, saa tatu nzima. Mpelelezi anaandika kwa mkono, polepole, ananiuliza jambo moja mara tatu. Wameipata risasi kwenye sanduku, ile yenye kidoti. Ameigeuza geuza chini ya taa, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina la Kamugisha juu. Nimeambiwa nisitoke Mbarara bila kuwaarifu. Huenda nikashtakiwa kwa kuharibu ushahidi. Nimesema nimeelewa.

Jumapili, 30 Novemba

Misa, Nyamitanga. Nimekaa nyuma.

Jumatano, 3 Desemba

Sina kazi, sina la kuandika kuhusu mafuta. Naandika kwa mazoea. Mvua haikunyesha.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilikuwa natoka kununua sabuni, nimefika karibu na kona ya shule ya masista, simu ikaita. Namba ya Nakivale.

"Goreti." Hakusema shemeki.

"Nakusikia, muramu."

"Polisi balikuya jana. Banasema baliandika upya. Doriane amerudi ku masomo hii wiki ya mwisho. Mwalimu alimusimamisha mbele ya batoto, akabaambia papa yake alisimama fasi yake mpaka mwisho."

Nikasema vizuri.

"Anauliza shangazi atakuya Noeli ao hapana."

"Umemjibu nini?"

"Sijamujibu bado."

Nilifikiri atakata. Hakukata. Nilisikia akiiweka simu chini, pengine juu ya meza ya samaki, na soko lote likaingia sikioni mwangu. Mtu aliuliza kama samaki ni wa leo, Nathalie akamwambia aguse macho yake kama hana imani. Pikipiki ikapita. Doriane akaitwa atoke juani. Mimi nimesimama katikati ya njia, sabuni kwapani, nalia kwa sauti, kamasi zinatoka, watu wa Nyamitanga wananipisha, na sikuthubutu kusema hata neno moja asije akakumbuka kwamba simu iko wazi.